Nimebeba pikipiki kwenye pikapu Dar hadi Njombe, imefika shokapu inavuja. Kosa langu liko wapi?

#1 MkingaGerezani, Jumatatu saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi huwa nasoma tu humu, si mtu wa kufungua nyuzi, lakini hili limenikaa rohoni.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea mdogo wangu pikipiki Njombe. Ni ya cc 125, imetumika mjini miaka mitatu. Pikapu ya shemeji ilikuwa inapanda tupu kufuata viazi, dabo kabini, nikaona ya nini nitoe nauli ya basi. Tukaiweka mshazari, tairi la mbele kwenye kona ya kushoto nyuma ya kabini, mlango wa nyuma ukafunga vizuri kabisa. Kamba za manila nne: mbili kwenye usukani, mbili kwenye keria. Zile za mbele tulizivuta watu wawili mpaka shokapu zikazama zote, maana kila mtu anakwambia ikicheza imekwisha. Stendi ya pembeni tukaiacha chini.

Chalinze nilikagua, iko imara. Baada ya matuta ya Mikumi kamba zimelegea, nikafunga upya. Mvua ikatukuta kabla ya Ruaha Mbuyuni, zikalegea tena. Tukiwa Kitonga nikasikia gu! nyuma yangu. Pale huwezi kusimama, lori mbele lori nyuma. Tulipomaliza mlima nikashuka: imelalia ubavu wa pikapu, mkono wa krachi umekwangua rangi ya gari, stendi imebonyeza sakafu ya bodi.

Njombe tukaishusha. Usukani umepinda, shokapu ya kushoto inavuja oili mpaka kwenye ngoma ya breki. Mdogo wangu hakusema neno. Alichukua kitambaa akaifuta ile oili taratibu, akarudi kuitazama, imetoka tena.

Mwezi ujao napeleka nyingine, ya jirani yake. Naomba kujua mawili: ni nini kiliua ile oili sili (mpira unaozuia oili isitoke kwenye shokapu), na pikipiki inafungwaje ifike kama ilivyoondoka? Nawasilisha.

#2 UtingoMstaafu, saa 2:31 usiku

Pole mkuu. Nimekaa juu ya malori miaka 11, Dar na Tunduma, nimefunga kila kitu kuanzia magodoro hadi trekta.

Kosa la kwanza ni manila. Ile ni plastiki, inavutika. Unaikaza asubuhi na baridi, jua la saa sita linaipiga, mzigo unaruka mara elfu kwenye matuta, kamba inarefuka na fundo linajibana. Ukiikaza tena inarefuka tena. Kosa la pili ni kufunga kwenye usukani. Usukani umeshikwa na nati chache juu kabisa, ukivutwa unazunguka au unapinda. Funga kwenye ile T ya chini inayozishika shokapu.

Kuhusu kuvuja waje mafundi.

#3 FundiWaSinza, saa 2:48 usiku

Nimekuja. "Mpaka shokapu zikazama zote." Jibu lako umeliandika mwenyewe.

Ndani ya shokapu ya mbele kuna springi, oili na hewa. Ukiizamisha yote, ile hewa inabanwa kwenye nafasi ndogo, inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye mdomo wa sili. Sasa piga hesabu: safari ya saa kumi na kitu imebanwa hivyo, na kila tuta linaongeza kipigo. Pikipiki za mashindano ya matopeni zina skrubu ndogo juu ya shokapu ya kutolea hewa. Hawakuiweka kwa urembo. Ya kwako haina.

Zamisha theluthi, ikizidi sana nusu. Shokapu lazima ibaki na nafasi ya kupumua.

#4 DadaMwanjelwa, saa 2:52 usiku

Mkinga kapata usafiri wa bure wa shemeji, halafu analalamika 😂 Nimeweka chai ya tangawizi mezani, endeleeni.

#5 BintiKorogwe, saa 3:05 usiku

Mnasahau kamba ya nyumbani. Kwetu tunafunga kwa katani. Haivutiki kama hiyo plastiki yenu, na ikilowa inafupika, yaani inajikaza yenyewe. Mvua ya Ruaha Mbuyuni ingekusaidia badala ya kukuharibia. Mjerumani hakuutoa mkonge Mexico akauleta Tanga kwa bahati mbaya.

#6 UtingoMstaafu, saa 3:11 usiku

@BintiKorogwe kweli inajikaza, sikatai. Ila fundo likishalowa halifunguki mpaka kisu. Na ikikauka inalegea kuliko ulivyoifunga. Dereva anaona imekaza kwenye mvua, anafurahi, saa mbili za jua baadaye mzigo unaogelea. Katani ni kamba nzuri kwa mtu anayekagua, na watu hawakagui.

#7 Mzee_Kumbukumbu, saa 3:20 usiku

Nisahihishe kidogo binti yangu. Asili ya mkonge ni Yucatan, Mexico, hilo sawa. Lakini miche aliyoileta Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893 ilitoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kilimo cha mkonge Tanga kilianzia kwenye hiyo.

Rudini kwenye pikipiki.

#8 BintiKorogwe, saa 3:23 usiku

Ahsante mzee. 62! Nayo nadhani ilifungwa vizuri safarini.

#9 MkingaGerezani, saa 3:40 usiku

Nawashukuru. @FundiWaSinza hiyo theluthi naipimaje? Halafu kuna jambo sikusema: wiki moja kabla ya safari fundi wa mtaani alibadili oili ya shokapu zote mbili. Sijui kama linahusika.

#10 FundiWaSinza, saa 3:49 usiku

Linahusika sana! Alipima kiasi gani? Kila shokapu ina kipimo chake kwa mililita, na mafundi wengi wanamimina kwa jicho. Oili ikizidi, nafasi ya hewa inapungua. Nafasi ikipungua, ukizamisha kidogo tu presha inapanda kama umezamisha yote. Wewe ukazamisha yote kweli.

Kupima: simamisha pikipiki kwenye magurudumu yake, haijafungwa, mtu aishike. Pima kwa rula chuma kinachong'aa, kutoka kwenye sili hadi chini ya T. Tuseme ni sentimita 12. Funga mpaka ibaki 8. Asiyetaka kubahatisha akate gogo la mti laini, aliweke kati ya tairi na sehemu ya chini ya T, madigadi ikiruhusu. Hapo hata ukivuta kama kichaa shokapu haishuki zaidi ya gogo.

#11 MzeeWaUyole, Jumanne saa 12:35 asubuhi

Nimeamka nakuta fundi ameshahukumu. Mimi sikubaliani naye, na nimefungua shokapu nyingi tu.

Hewa haikuua chochote. Sili ya shokapu inavumilia kila siku boda amebeba abiria wawili na gunia, akiingia shimoni shokapu inazama mpaka mwisho. Mbona hazivuji zote? Kilichoua ni uchafu. Kitazame kile chuma kinachong'aa: sehemu ya chini inapita kwenye sili kila siku, imesafika yenyewe. Ile ya juu, karibu na T, haifiki kwenye sili katika matumizi ya kawaida. Huko kuna matope yaliyokauka, na kwa pikipiki ya Dar yenye hewa ya chumvi kuna vipele vya kutu. Ukiivuta mpaka chini kabisa unaiingiza sehemu hiyo ndani ya sili, kisha unaisugua kilomita 700. Hiyo ni msasa.

Pitisha ukucha kwenye chuma cha kushoto, pale juu. Ukikwama, umepata jibu.

#12 FundiWaSinza, saa 1:10 asubuhi

Mzee wangu nakuheshimu, ila boda akiingia shimoni shokapu inazama nusu sekunde, inarudi. Hii ilibanwa siku nzima. Si kitu kimoja.

#13 MhandisiMdogo, saa 2:02 asubuhi

Mmesahau mlima. Umewahi kupanda na pakiti ya krispi kutoka Dar ukaiona Mafinga imevimba kama mto? Dar ni usawa wa bahari, Njombe iko karibu mita 2,000 juu. Huko hewa ya nje imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Hewa iliyofungiwa ndani ya shokapu ni ya Dar, inasukuma nje kwa nguvu zaidi kadiri mnavyopanda. Ukijumlisha na kubanwa na kamba, sili iliyokuwa inapumulia pua moja ikakata tamaa Kitonga.

#14 MzeeWaUyole, saa 2:20 asubuhi

Kijana, nimeishi Uyole miaka 40. Pikipiki zote za Mbeya zimepanda kutoka Dar. Zingekuwa zinavuja zote.

#15 MhandisiMdogo, saa 2:24 asubuhi

Sijasema mlima peke yake, nimesema mlima umeongezea. Lakini kwa haki, nimepiga hesabu upya: kuzamisha shokapu mpaka chini kunaongeza presha ya ndani mara kadhaa kuliko huo mlima. Basi mpeni mlima asilimia ndogo, ila msiunyime kabisa.

#16 Shabani_wa_Seebu, saa 4:15 asubuhi

Assalaam aleikum. Mimi mtu wa Unguja, niko Maskati mwaka wa tisa. Huku wikiendi watu wanapeleka pikipiki za mchanga kwenye majangwa ya Sharqiya, na mimi kazi yangu kupakia na kupakua.

Achaneni na kamba, tumieni mikanda ya racheti, ile yenye kifaa cha chuma cha kukazia. Minne, upana nchi moja inatosha kwa pikipiki kama hiyo. Kwenye lebo ya mkanda mnakuta namba mbili: ya kukatikia, na ya kufanyia kazi, ambayo kwa kawaida ni theluthi yake. Itazameni hiyo ndogo. Pikipiki ya kilo 120, gari likifunga breki za ghafla kwenye lami kavu, inasukumwa mbele kwa nguvu kama ya kilo 90 hivi. Tairi la mbele lazima liwe limeshagusa ukuta wa bodi, likutane na chuma, lisibaki linategemea mikanda.

Kulabu msiitie moja kwa moja kwenye pikipiki, itakwangua na itachomoka. Fanyeni kitanzi cha mkanda laini, kizunguke T, kulabu iingie kwenye kitanzi. Mikanda ya mbele iteremke mbele na kando, kama nyuzi 45, isiwe wima wala isilale. Ya nyuma kazi yake kuzuia mkia usiyumbe tu, msiikaze kama ya mbele. Mkia wa mkanda unaobaki ufungwe, upepo ukiuchezesha unafungua racheti.

Na jua. Mkanda ulioanikwa kwenye gari mwaka mzima umekufa hata kama unaonekana mzima. Ukiuona umepauka na nyuzi zinatoka vumbi, tupa.

Nyengine: stendi iwe juu. Ukiifunga pikipiki na stendi chini, mikanda inaibana stendi na sakafu. Gari likiruka, kile kimguu kinabeba kila kitu. Ndio maana bodi yako imebonyea.

#17 MkingaGerezani, saa 4:40 asubuhi

Sheikh Shabani, umenifungua macho. Mimi nashinda Gerezani katikati ya maduka ya vifaa, mikanda hiyo naipita kila siku sijawahi kuigusa.

#18 NduthiNakuru, saa 5:08 asubuhi

Majirani, niaje. Huku kwetu Kenya nduthi tunafunga na vipande vya tyubu ya lori, ile ya gurudumu. Kata upana wa vidole vitatu, vuta, zungusha, funga. Hizo kamba zote zina shida moja: shokapu ikishuka kidogo, kamba inalegea hapo hapo na kulabu inachomoka. Mpira unafuata. Ikishuka, mpira unajirudisha, ikipanda, unavutika. Nimebeba Nakuru hadi Lodwar bila kusimama kukaza hata mara moja.

#19 UtingoMstaafu, saa 5:19 asubuhi

Jirani, mpira ni mzuri kwa godoro na kuku. Kwa kitu cha kilo 120 unakirusha. Tuta la kwanza kinapanda, la pili kinapanda zaidi, kama mtoto kwenye bembea. Mimi nimeshaona kipande cha tyubu kikikatika kwenye mkono wa mtu anayekivuta, kilimpiga jicho. Mpira weka kwenye breki ya mbele: ukandamize mkono wa breki kwenye usukani, uufunge na kipande cha tyubu, tairi lisizunguke. Hapo tutaelewana.

#20 NduthiNakuru, saa 5:26 asubuhi

Ya breki tunafanya pia. Ya kurusha, uje Nakuru nikuonyeshe.

#21 Kamanda_Mtaa, saa 6:30 mchana

Mnazunguka sana. Weka kijana nyuma, akalie pikipiki, aishike breki. Elfu kumi na chakula njiani. Imefika.

#22 NesiMkumbo, saa 7:02 mchana

@Kamanda_Mtaa naomba hili ulifute au usirudie popote.

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya majeruhi, mkoa siutaji. Waliletwa watu na pikapu ileile iliyowabeba. Kijana wa miaka 19 alikuwa amekalishwa nyuma aishike pikipiki isianguke. Gari lilikwepa mbuzi. Pikipiki ilimlalia mguu, bomba la moshi halikuwa limepoa kwa sababu ilikuwa imeendeshwa mpaka kupakiwa, na petroli ilikuwa inamchuruzika kwenye suruali kutoka tanki. Mfupa wa paja ulivunjika sehemu mbili. Alikuwa ananiuliza kama pikipiki imeharibika, maana aliambiwa ikiharibika italipwa na yeye.

Binadamu si kamba. Kama haiwezi kukaa bila mtu kuishika, haijafungwa.

Na kabla ya kufunga: fungeni koki ya mafuta, acheni injini ipoe, tanki lisijae. Pikipiki ikilala, kabureta inamwaga na betri za maji ya asidi zinamwaga. Mkiwa mmefunika kwa turubai, mvuke wote unabaki humo. Asivute sigara mtu karibu mkifunua.

#23 Kamanda_Mtaa, saa 7:15 mchana

Nimekuelewa dada yangu. Nilisema tunavyofanya, sikufikiria hilo. Nafuta kauli.

#24 DadaMwanjelwa, saa 7:40 mchana

Nesi, ubarikiwe. Chai imepoa mkononi.

Jamani na kupandisha je? Hapa wote mmeanza pikipiki ikiwa juu tayari. Mume wangu alipandisha kwa ubao mmoja, yuko pembeni anasukuma, pikipiki ilifika juu yeye akabaki chini amening'inia kwenye usukani. Ikamrudia.

#25 UtingoMstaafu, saa 8:05 mchana

Swali zuri kuliko yote. Bodi ya pikapu iko juu kama sentimita 85. Ubao wa futi 8 ni mlima mkali. Wa futi 12 ni mlima wa kawaida, karibu nyuzi 13. Kwa hiyo kwanza ubao mrefu, unene wa nchi mbili. Pili, mbao ziwe mbili: moja ya pikipiki, moja ya wewe kutembea juu yake. Hapo ndipo mume wako alipokosea, miguu yake haikuwa na njia. Tatu, ubao ufungwe kwenye pikapu. Tairi la nyuma likipita linausukuma ubao nyuma, ukichomoka mnaanguka nyote.

Lakini sisi wa zamani hatukuwa na ubao. Tafuta tuta, ukingo wa shamba au mtaro usio na maji, rudisha pikapu mpaka bodi ilingane na ardhi. Pikipiki inaingia kama inaingia sebuleni. Watu watatu, mmoja usukani na breki, wawili nyuma. Na asipande mtu kwa kuiendesha. Anayepandisha kwa injini siku ya kwanza anashangiliwa, siku ya pili anapita juu ya kabini.

#26 HesabuNiTamu, saa 9:12 mchana

Nirudi kwa mleta uzi. Hakuna aliyegusa neno "mshazari".

Bodi ya dabo kabini ina urefu wa kama mita 1.5, upana karibu sawa na huo. Pikipiki ni kama mita 2. Ukiinyoosha kwa urefu wa bodi mkia unatoka nje, mlango haufungi. Mshazari wa mraba wa 1.5 ni 2.12, kwa hiyo inaingia. Hadi hapo Mkinga alipiga hesabu vizuri.

Ila tazama kamba. Tairi likiwa kona ya kushoto, kamba ya kushoto ni fupi na inashuka karibu wima. Ya kulia inavuka bodi nzima, imelala. Ukizikaza kwa nguvu ileile, ya kushoto inavuta chini yote, ya kulia inavuta pembeni. Pikipiki inapindwa. Na iliyovuja ni ipi? Ya kushoto.

#27 FundiWaSinza, saa 9:30 alasiri

Hesabu tamu, lakini shokapu mbili zimeunganishwa chini na ekseli na juu na T. Haiwezi kuzama moja zaidi ya nyingine.

#28 HesabuNiTamu, saa 9:34 alasiri

Haizami zaidi, inapindika. Chuma kikikaa upande mmoja ndani ya sili, upande mwingine unabaki wazi.

#29 MzeeWaUyole, saa 9:50 alasiri

Na kwenye huo upande kilipokaa, kutu yangu inasugua zaidi. Ahsante kijana, umenisaidia.

#30 Reli_Yetu, saa 11:18 jioni

Mimi nashangaa hakuna aliyeitaja TAZARA. Reli inapita Makambako, na kutoka hapo Njombe ni kama kilomita 60 tu. Mwaka 2014 niliituma yangu kwa treni, ikasimamishwa kwenye behewa la mizigo, nikaifuata Makambako nikaiendesha mpaka nyumbani. Hakuna tuta wala mtu anayekwepa mbuzi.

#31 UtingoMstaafu, saa 11:25 jioni

Ilifika siku gani?

#32 Reli_Yetu, saa 11:27 jioni

Ilifika nzima, mkuu. Nimejibu linalohusu uzi.

#33 AskariMstaafu_Moro, saa 1:44 usiku

Nyongeza fupi. Beba kadi halisi ya pikipiki, na kama umenunua juzi, beba na mkataba wa mauziano. Pikipiki za wizi zinasafirishwa hivihivi, chini ya turubai, kwa hiyo ukisimamishwa usimkasirikie askari. Ukiacha mlango wa nyuma wazi, hakikisha namba ya gari na taa zinaonekana, na funga kitambaa chekundu kwenye mkia wa mzigo. Mzigo ukidondoka barabarani utaulizwa.

#34 MkingaGerezani, wiki tano baadaye, Jumapili saa 10:20 jioni

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa kimya.

Safari hii niliazima singo kabini, bodi ndefu, pikipiki ikakaa imenyooka katikati, tairi la mbele limegusa ukuta. Mikanda minne ya racheti kutoka Gerezani hapohapo. Vitanzi kwenye T ya chini. Stendi juu. Breki ya mbele nimeifunga kwa tyubu. Gogo la mti kati ya tairi na T, nililikata mwenyewe kutoka kwenye shina la mpapai wa jirani, likaonekana laini mno, nikabadilisha na mninga. Chuma cha shokapu nilikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kikang'aa juu hadi chini. Koki nimefunga, injini imepoa. Tulipandisha kwa kurudisha gari kwenye mtaro mkavu nyuma ya soko, watu watatu, dakika nne.

Nilisimama kilomita chache tu baada ya kuondoka, nikakaza kidogo, pengine mpira wa matairi ulikuwa umejikalia. Tena Morogoro, tena baada ya Mikumi, tena kabla ya kuanza Kitonga. Mara zote nne nilishika mkanda mmoja mmoja kwa mkono. Kitonga nilikuwa nasikiliza kwa mgongo. Kimya.

Njombe ilikuwa inanyesha mvua nyembamba ya baridi. Tulifungua mikanda saa 3 usiku kwa tochi ya simu, shokapu zikapanda taratibu, fyuuu, zikakaa. Jirani alipitisha kidole kwenye sili zote mbili akanionyesha: kikavu.

Na ile ya mdogo wangu tumeifungua. @MzeeWaUyole, juu kwenye chuma cha kushoto kulikuwa na vipele viwili vya kutu, ukucha ulikwama. @FundiWaSinza, oili ya kushoto ilikuwa nyingi kuliko ya kulia kwa macho kabisa, hata baada ya kuvuja. @HesabuNiTamu, fundi alisema mdomo wa sili umelika upande mmoja. Mkae muamue.

#35 MzeeWaUyole, saa 10:41 jioni

Kutu ilikutwa. Mimi nimemaliza.

#36 FundiWaSinza, saa 10:43 jioni

Oili imekutwa imezidi. Kutu ya kulia uliitafuta, Mkinga? Kama na kulia kulikuwa na vipele na hakukuvuja, mzee hana kesi.

#37 MkingaGerezani, saa 10:50 jioni

Kulia kulikuwa na kimoja, kidogo.

#38 FundiWaSinza, saa 10:51 jioni

Haya.

#39 MzeeWaUyole, saa 10:55 jioni

Kimoja kidogo si viwili.

#40 MhandisiMdogo, saa 11:06 jioni

Shida ni kwamba safari ya pili amebadilisha kila kitu kwa mpigo: kamba, mkao, gogo, usafi, gari, hata pikipiki yenyewe. Huwezi kujua ni kipi kilichookoa. Na mlima ulikuwa uleule, kwa hiyo nakubali mlima hauna hatia.

#41 NesiMkumbo, saa 11:30 jioni

Nyuma alikaa mtu?

#42 MkingaGerezani, saa 11:32 jioni

Hapana dada. Wote tulikaa kabini.

#43 BintiKorogwe, saa 12:10 jioni

Ahsante kwa mrejesho. Ila mikanda ilipata mvua Njombe, si ndiyo? Mzigo wa viazi wakati wa kurudi mliufunga kwa kamba gani?

#44 MkingaGerezani, saa 12:15 jioni

Katani, dada yangu. Na fundo nililikata kwa kisu.